Unashinda loto na unaikala L'shi: parsele, bank, biashara ao jamaa?

Maulizo ya "ukishinda loto utafanya nini" tunaizoea ku kioske ya parifoot (kule banabetia mpira) na mu taksi-bisi ya komine ya Kenya, hapa Lubumbashi (L'shi), kila muntu anajenga etaje yake mbele taksi ifike ku areti, tunacheka, inaisha. Lakini kuko benye kuuliza bila kucheka: mwenye tike yake ililipa kweli, mwenye kampuni ilimupa dekonte ya mwisho (makuta ya kumaliza kazi), mwenye bazazi balimuachia nyumba na bandugu baliiuzisha na kugawana. Bale banajua parsele ni muzuri, banajua bank iko, banajua biashara inalipa, banajua tena jamaa iko inangojea. Shida yabo ni kuchagula. Njo bale naandikia.

Tupime makuta kwanza. Mu Marekani jackpot ya Powerball ya mwezi ya 11, 2022 ilifikaka dola miliare 2,04, na bahati ya kuishinda na tike moja ni moja juu ya 292 201 338, sasa ile tuiache, mwenye anapata ile atatafuta avoka na kontable, hana lazima na maneno yangu. Mi ninakamata dola 30 000. Inatosha kugeuza maisha ya nyumba moja mu Katuba ao mu Ruashi, na inatosha tena kuisha yote mu mwaka moja bila muntu kujua ilipita wapi. Kama yako ni 8 000 ao 70 000, punguza ao ongeza, mawazo inabaki ile ile.

Lakini kuko kintu moja ya Bamarekani yenye inatusaidia hata siye. Mushindi ya Powerball banamuulizaka: unakamata yote leo, ikiwa imepunguzwa, ao tukulipe kidogo kidogo, mara 30 mu myaka 29? Huku kwetu hakuna mwenye anakuuliza vile, parifoot inakulipa cash ao ku M-Pesa na unaenda zako, lakini ile maulizo haiishe, paka sasa ni wewe mwenyewe unajiuliza: makuta ibaki mu mukono ao niifunge? Parsele ni kufunga. Bank inaweza kufunga kwa tarehe. Biashara iko katikati. Kugawa ni kufungula mulango kabisa. Bantu mingi banalinganisha hii bintu kwa faida, gani inazaa zaidi, na mi ninaona pale njo banapoteza njia, juu mu L'shi makuta ya ghafla haikufaka juu faida ilikuwa kidogo, inakufaka juu ilikuwa rahisi kuomba na rahisi kutosha.

Na mbele ya mutu kusema eti bote benye kushinda loto banafilisikaka: hapana, haiko vile. Bale ya Sweden benye balishinda makuta mingi, bachunguzi balibafwata myaka mingi, na balikuta banafurahia maisha yabo kupita bengine hata myaka kumi kiisha. Upande ingine, utafiti moja ya Florida ya 2011 iliangalia benye kushinda kati ya dola 50 000 na 150 000: myaka mbili ya kwanza kufilisika kulipunguka, alafu kati ya mwaka ya tatu na ya tano kukapanda, mwisho balikuwa sawasawa na bale benye balishinda kidogo tu. Angalia ile myaka vizuri. Mwaka ya kwanza kila chaguo inaonekana ya akili.

Tena siye hatuna lazima ya kwenda Florida. Kuanzia 2003 Gécamines, kampuni ya Leta ya migodi, na makuta ya Banque mondiale, ilitosha batumikaji zaidi ya 10 000 mu ile operesheni ya départ volontaire (kuacha kazi kwa kupenda, na kulipwa). Bantu benye balikuwa na miezi juu ya miezi bila mushahara, siku moja banahesabiwa makuta yote pamoja. Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, kila famille ya Gécamines iko na hadisi yake: huyu alijenga, huyu alinunua Hiace, huyu alifungula depo, huyu alilipa madeni yote na akaozesha batoto. Kama uko na muzee wa ile wakati mu jamaa, mbele ya kuuliza bankier, enda ukamuulize yeye kwanza.

Bipimo

Nitapima kila chaguo na bipimo tano, ile ile kwa yote. Mulango: ndugu akigonga na shida, makuta inatoka mbio ao inakatala? Mukanda: nini inaonyesha ni yako, na ile mukanda iko na nguvu gani? Kazi: nani atatumika ili ile makuta iikale muzima? Usiku ya ugonjwa: mutoto akipata homa saa saba ya usiku na banakuomba kosio ku lopitali mbele bamuguse, unatosha nini? Na mwaka ya tano: pale kutakuwa kunabakia nini. Faida sikuiweka peke yake, iko ndani ya mwaka ya tano.

Parsele na nyumba ya kupangisha

Mulango: hapa parsele inapita yote. Shemeki akifika asubui na maneno ya kilio, huwezi kumukatia kipande ya ukuta abebe. Unamwambia "shemeki, makuta yote iko mu simenti", na haiko bongo. Hata wewe mwenyewe, siku unatamani simu mupya, simenti haikusikie. Kuko paka mulango ya nyuma: jamaa haitaomba makuta, itaomba kuikala. Mutoto ya yaya anaingia "kwa miezi mbili tu", na kumutosha inakuwa palabre ya famille muzima. Mwenye kujenga studio tatu ahesabu faida ya mbili, ile ya tatu iko na mwenyewe hata kama hajazaliwa bado.

Mukanda: apa niikale kidogo, juu njo pale makuta mingi ya L'shi ilizikwaka. Tangu sheria ya 1973 udongo ni ya Leta, wewe unapataka haki ya kuitumikisha, na mukanda yenye inashikilia ile haki kwa nguvu ni certificat d'enregistrement, inatoka kwa konservatere (mukubwa ya Leta mwenye kuandikisha parsele), na ikiisha kumaliza myaka mbili sheria inasema haishambuliwe tena. Acte de vente, fiche parcellaire, mukanda ya chef de quartier, yote ile ni hatua ya mu njia, haiko mwisho ya njia. Bakomisionere banajua hii kukupita, njo maana banakukimbiza: "Papa, kuko mama moja anakuja na makuta saa kumi, tosha acompte tu tumufunge." Usitoshe. Kama ule mama iko kweli, anunue, parsele haiishe mu Lubumbashi. Kuelekea inje ya ville, Kilobelobe, Luwowoshi, kule kwote kwenye bantu banapima udongo na kamba, kusikia parsele moja iliuzishwa ku bantu mbili haishangaze tena muntu. Enda ku kadastre na numero, uliza jina gani iko pale, uliza bajirani ya mbele na ya nyuma (si ule mwenye komisionere alikuonyesha), lipa mbele ya bashahidi, na usiachie mukanda ku hatua ya nusu juu makuta ya konservatere inaumiza. Wekeni majina ya bote mbili, bwana na bibi. Hii ya mwisho bwana mingi banairuka, kiisha siku ya kilio bandugu ya bwana banafika na kufuli.

Kazi: kujenga ni kazi ya kusimama pale. Unajenga kuanzia mwezi ya tano mpaka ya kumi, mvula haiko, matofali inakauka, simenti haioze. Mwenye kupata makuta mu mwezi ya 12 ajue atalinda miezi mingi mbele ya kuweka fondasio, na kulinda njo kazi ya nguvu kupita kujenga. Ukiisha kujenga, kuko lokatere mwenye halipi, SNEL ya kuriani, maji, na DRHKAT (biro ya kodi ya provense ya Haut-Katanga) kwa ajili ya kodi ya kupangisha. Usifikiri garanti ya lokatere itakusaidia kumaliza plafo: sheria ya 2015 inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi tatu.

Usiku ya ugonjwa: sifuri. Kuuzisha parsele mu haraka ni kuiuzisha bei ya mwenye kununua.

Mwaka ya tano: nyumba iko, inalipa kila mwezi kama kuko maji na barabara, na batoto baliisha kuijua kama yabo.

Inafaa mwenye kazi yake inalisha nyumba tayari, mwenye jamaa kubwa na roho ya kushindwa kusema hapana, na mwenye anaweza kusimama ku shantie. Haifai mwenye hana mushahara, juu ataikala mu nyumba yake muzuri na njala.

Bank

Mulango: inategemea unaweka namna gani. Compte ya kawaida na karte, ao kila kintu ku simu, ni mulango yenye ufunguo iko mu mufuko yako, na jamaa inajua. DAT, ile ya kufunga kwa miezi sita ao mwaka, ni jibu nzuri kupita jibu zote: "iko, lakini itatoka mwezi ya nane." Bananungunika, bananyamaza. Na kuko kintu ingine bantu habaiheshimu sana: bank haionekane. Nyumba kila muntu anaiona, kamiyo kila muntu anaiona, lakini karatasi ya DAT iko mu kabati, na asubui unapanda taksi-bisi sawa na jana. Mu Uingereza mushindi ya loto ana haki ya kuomba jina yake isitangazwe, siye hapa hatuna ile, DAT njo inaikaribia.

Mukanda: iko mukataba, iko stampe. Lakini bazee banaogopa bank na haiko ujinga, banakumbuka. Tarehe 25 ya mwezi ya 12, 1979, Mobutu aliua noti za zaïre 5 na 10. Mu 1991 Bindo Promotion ikaanguka na makuta ya bantu. Mu 1993 banafuta sifuri, nouveau zaïre moja ni zaïre milioni tatu ya zamani. Na mu 2016 baklia ya bank BIAC balipanga mustari juu ya kuomba makuta yabo wenyewe na kupewa kidogo kidogo. Sawa, yote ile ilifanyika. Lakini tuangalie vizuri: mu 1979 mwenye alilia sana ni ule mwenye kulalia noti ku nyumba, haiko mwenye compte peke yake. Na Bindo haikukuwaka bank, ilikuwa ahadi ya kuzalisha makuta mu siku kidogo, sawa zile zenye zinapita leo ku WhatsApp. Kwa hiyo woga ya bank haikupeleke ku kitanda, juu kitanda iko na mambo yake: mwizi, moto, na kambiste mwenye anageuza dola yako mara tatu ku jua, kiisha anakurudishia juu iko na kipasuko kidogo ku pembe.

Ingine: dola yenyewe. Tulizoea kusema weka mu dola, franc itakufa. Alafu 2025 inafika, dola yenye ilikuwa inapita 2 800 FC inashuka chini ya 2 500, na mwenye alikuwa analipa bintu yake yote mu franc akasikia. Sisemi weka yote mu franc, hapana kabisa. Nasema ile ya kula mu mwaka huu iikale mu makuta yenye unakulia.

Kazi: hakuna. Njo uzuri yake, na kwa bengine njo ubaya yake, juu muntu bila kazi na makuta mu bank anaanza kutembea-tembea.

Usiku ya ugonjwa: compte ya kawaida, muzuri sana, kama machine iko na makuta na karte haikumezwa. DAT, unaweza kuivunja mbele ya tarehe na unapoteza interé, lakini haiko saa saba ya usiku. Kidogo ibakie ku M-Pesa ao Airtel Money, kidogo kweli.

Mwaka ya tano: iko vile uliiweka, na interé juu, na kila mwezi bafré inaguguna. Haikujengee kintu. Lakini iko.

Inafaa mwenye hajui bado anataka nini. Hii ni bantu mingi kupita vile tunakubali. Inafaa tena mwenye makuta ilifika mu mwezi mubaya ya kujenga, na mwenye jamaa yake inajua kuhesabu bya bengine.

Biashara: depo, kamiyo, Hiace

Mulango: hapa iko wazi siku muzima, mi sitakudanganya. Unga iko mu gunia, inaonekana, na ndugu haombe makuta, anaomba "niandike mu kaye, nitalipa fin du mois." Fin du mois gani, hasemi. Kaye ya madeni njo iliua madepo mingi kupita impo. Kwa kamiyo iko afazali kidogo, huwezi kukopesha piné.

Mukanda: patente, RCCM (kuandikishwa kwa biashara), karte rozi ya gari, asirance. Rahisi kupita udongo, na haina nguvu sawa na udongo, juu kintu yenyewe inakufa: karte rozi ya gari yenye motere ilipasuka ni karatasi tu.

Kazi: yote. Mwenye ananiambia "nitaweka muntu asimamie", namuuliza: ule muntu, ungemuachia dola 30 000 mu mukono? Juu njo unachofanya. Hiace unapewa versement kila mangaribi na shofere, siku ingine iko kamili, siku ingine kulikuwa roulage, piné, mvula, mukutano. Depo ya unga unasimama na Kasumbalesa, mpaka yetu na Zambia: mwaka 2024 Zambia ilipigwa na ukame, mwezi ya pili prezida yao akatangaza janga, mahindi ikakosekana, na mwezi ya nane ya ule ule mwaka Zambia ikafunga mpaka siku kidogo juu ya ugomvi ya pombe na jus. Mwenye alikuwa na stoki alicheka. Mwenye makuta yake ilikuwa mu kamiyo ku foleni ya mpaka hakucheka. Wote mbili balikuwa bafanya biashara ya akili, tofauti ilikuwa mwezi gani balinunua, na pale njo utaona kama damu yako ni ya biashara ao hapana: hadisi hii inakupa hamu, ao inakuumiza tumbo?

Usiku ya ugonjwa: hakuna kintu inashinda. Kila mangaribi kuko makuta. Mama mwenye meza ku soko ya Kenya anafika ku lopitali mbio kupita mwenye etaje ku kartie Golf yenye haijamaliza.

Mwaka ya tano: apa hakuna mwenye anaweza kusema. Bale ya départ volontaire, gari zabo za transpoti zilikufa moja moja juu bantu balikula versement yote, habakuweka pembeni ya kununua ya pili. Na kuko benye, kwa kuanza na kidogo kidogo, leo banatuma kontena Dar es Salaam. Parsele inakupa kati, biashara inakupa juu kabisa ao chini kabisa.

Inafaa mwenye alikuwa anafanya ile biashara tayari na alikosa paka kapitale. Mama mwenye anauzisha gunia mbili anajua klia wake, anajua nani halipi, mupe afikishe gunia makumi ane. Mwenye alikuwa mwalimu mpaka jana na leo anataka kamiyo, aanze na sehemu ndogo sana, aone saison moja nzima mbele ya kuongeza.

Jamaa

Bantu banaandikaka hii chaguo sawa ni ugonjwa. Haiko ugonjwa. Mu muji kwenye pensio ni hadisi na asirance ya ugonjwa iko ya benye kampuni, jamaa njo bank ya zamani kupita zote, na uliwekaka mule hata kama hukuandika: nani alilipa minerval yako, nani alikulaza miezi mbili ulipofika kutoka Kamina?

Mulango: uko wazi kwa kupenda, shida ni kuufunga tena. Jack Whittaker wa West Virginia alishindaka dola milioni 314,9 mu 2002, alikuwa tayari tajiri mwenye kampuni ya ujenzi, alitoa sana, kanisa, batu, na kila mutu akajua iko anatembeaka na makuta: mu 2003 mwizi akamubebea dola 545 000 mu gari. Kwetu habavunje gari lazima, banakuja ku nyumba na kiti banajiwekea. "Papa, tulisikia Mungu alikutembelea." Ukitoa ku moja cash mbele ya bengine, umeandika bei. Kwa hiyo benye kufanya hii vizuri habatoe makuta, banalipa kintu: minerval banapeleka benyewe ku sekondere (primaire ni bule tangu 2019, angalau mu mukanda), deni ya yaya banamaliza ku mwenye deni, mashini ya kushona banainunua na kuipeleka.

Mukanda: hakuna. Iko mu kichwa ya bantu, na kichwa ya bengine inasahau.

Kazi: kusikiliza. Na kuikala mu mikutano ya famille yenye inaanza saa nane na kuisha usiku, na kueleza juu ya nini manseba alipata na baba mudogo hakupata.

Usiku ya ugonjwa: makuta haiko tena, lakini bantu iko. Mwenye atakubeba mpaka Sendwe, atalala ku saruji ya koridore, atatoa damu, atapika bukari aipeleke, huyo haununuliwe ile usiku.

Mwaka ya tano: mutoto moja na diplome ya UNILU anaweza kulisha nyumba mbili. Ao hapana, diplome zinaikala ku ukuta, tunazijua. Deni yenye ililipwa, ile angalau hairudie.

Inafaa mwenye jamaa ilimubeba kweli na yeye anajua, mwenye tayari ana pa kulala na pa kutumika, na mwenye anaweza kusema kiasi mbele: hii ni ya jamaa, ikiisha imeisha. Haifai mwenye anatoa juu ya woga.

Kuchanganya, na mwezi ya kwanza

Hakuna sheria inasema uchague moja. Mi mwenyewe 30 000 ningeanza na kuifunga yote DAT miezi sita, nitoshe kidogo kwa deni na minerval, na mu ile miezi nizunguke ku kadastre pole pole bila haraka ya komisionere. Lakini njo mi, niko na mushahara. Kuchanganya iko tena na hatari yake: 30 000 kukatwa bipande sita ni bipande sita yenye haifike ku kintu, fondasio bila ukuta, depo ya gunia kumi, na kontribisio ya kila kilio.

Likelemba (kuchanga makuta na kupokea kwa zamu) haikosi, lakini haiko pa kuweka makuta ya loto. Likelemba ni ya makuta ya kila mwezi, ukifika na elfu kumi kila muntu atataka nafasi mbele yako.

Kufwatana na hali yako

Kama unapangisha nyumba na uko na mushahara: parsele, mu kartie yenye maji iliisha kufika, hata ndogo. Usiingie mu Golf juu ya jina.

Kama unapangisha na hauna mushahara: biashara ya kintu unajua mbele, na nyumba ingojee. Lipa mwenye nyumba wako mwaka muzima kama anakubali kupunguza, ile ni kufunga makuta pia.

Kama uko mujane, ao mwanamuke peke yake, na bandugu ya bwana iko karibu: bank kwanza, jina yako peke yako, kimya. Parsele kiisha, na sertifika mbele ya tofali ya kwanza.

Kama uko kijana wa myaka makumi mbili na tano bila batoto: biashara, sehemu moja juu ya tatu, na ingine yote ku DAT. Uko na wakati ya kuanguka na kuamuka.

Kama uko muzee, pensio haifike: nyumba mbili ndogo za kupangisha zinalipa kupita moja kubwa, na mutoto mwenye kutumwa kukusanya loyer asiwe ule mwenye deni.

Kama bibi na bwana hamusikilizane: DAT ya sinyatire mbili. Inafungula paka mukija bote.

Kama deni inakuamusha usiku: lipa. Mbele ya parsele, mbele ya bank, mbele ya kila kintu, na ukamate mukanda yenye inaonyesha ulilipa.

Na kama ulishinda juu unachezaka kila siku, basi mwenye atagonga mbele haiko shemeki, ni kioske yenyewe. Makuta iingie ku bank ile ile siku, kwa kufungwa, na karte apewe muntu ingine mwenye hajui hata Mazembe inacheza lini.